Tela Iliyofika Mlangoni

Sogea kidogo, mwanangu, hapo ulipokaa patakuchania buibui. Ee, hapo hapo panapokwaruza. Kila anayekuja kungojea kikuba chake cha maua hukaa papo hapo, kisha hujipapasa akaniuliza, Bi Mejumaa, baraza zuri hivi, mbona pembe hii haikulainishwa? Kwani mtaani hapa Kuze hapana mafundi? Mafundi wapo tele. Ni mimi sitaki. Kikuba chako bado, asumini ndiyo kwanza naitunga, basi tulia nikwambie ni mkono wa nani uliopaka pembe hiyo.

Umemuona yule bwana aliyepita sasa hivi akisukuma tela yenye miche? Yule mrefu, mwenye kofia ya ukindu, aliyesalimia kila mtu mpaka paka? Ndiye Menza. Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, na kazi yake ni kupanda bustani za watu. Miche yake ameiweka kando ya barabara kule Makupa, malori yanapoteremkia darajani, na vumbi la pale unalijua. Basi kila asubuhi utamkuta na kitambaa chake akipangusa majani, jani moja moja, kama mama anayemwosha mwanawe uso kabla ya chuo cha Kurani. Ukinunua mrehani kwake usidhani mmemalizana. Atapita baada ya siku, abishe hodi, asimame mlangoni aulize, "Yule mwenzetu yu hali gani? Anakunywa maji vizuri?" Shoga yangu mmoja alidhani anaulizia mumewe, akamjibu kwamba yumo ndani amelala. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma.

Maua yangu yote ni ya kwake. Asumini, waridi, mlangilangi, mrehani. Mimi na vikuba vyangu bila Menza ni mpishi bila nazi. Kwa hivyo usinione nakasirika nikizungumza habari zake. Aliyemtia Menza kidole cha jicho, na mimi alinitia.

Zamani Menza hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenzake, Morris Mumo. Morris alikuja kutoka bara kufanya vibarua vya reli, vibarua vikaisha, akawa hana mbele wala nyuma. Menza akamchukua. Wakawa wanasukuma mkokoteni mmoja, huyu mbele akivuta, yule nyuma akisukuma, wakileta miche na samadi mpaka huku kwetu. Samadi walikuwa wakiifuata kwao Menza, kwenye boma la ng'ombe la mamake. Wao wakichimba, mama yule akisonga sima. Morris akala sima kwa mboga ya mchunga, akapewa na maziwa ya mgando arudi nayo mjini. Mama akimwita mwanangu. Haya sikuhadithiwa na Menza. Alinihadithia Morris mwenyewe, hapa hapa barazani, akijisifu kwamba pwani amepata mama wa pili.

Asante ya punda ni mateke. Morris akapata lori, wapi na vipi mimi sikumuuliza, akamwacha Menza na mkokoteni wake. Si kitu, kila mtu na riziki yake. Lakini alitaka na milango ya Kuze pia, na milango ya Kuze ilikuwa ikimfungukia Menza. Na wewe unajua kwetu, mwanamume wa nje haingii uani mwa watu hivi hivi. Huingia kwa sababu anaaminika. Basi Morris akaona dawa ni kuivunja ile imani.

Sikiliza alivyofanya. Kwao Wagiriama mtu huzikwa nyumbani kwake. Babake Menza, Mzee Charo, amelala pale pale kwao, chini ya mkanju, kaburi limejengewa vizuri na hupaliliwa. Sisi watu wa mjini maiti wetu tunawapeleka makaburini, mbali na tunakolala. Morris aliijua tofauti hiyo, akaitumia. Akapita nyumba hii na hii, kwa sauti ya huruma kabisa, akisema, "Mimi nimeachana na Menza kwa jambo moja tu. Udongo anaowaletea anauchimba penye kaburi. Nimeliona kwa macho yangu."

Unaona ubaya wa mtu? Angesema uongo mtupu, tungemsuta. Lakini kaburi lipo! Watu walipomuuliza Menza, "Ati unapochimba kuna kaburi?" yule mjinga wa Mungu akajibu kweli. "Liko," akasema. "La baba." Kabla hajamaliza kueleza kwamba liko upande mwingine wa nyumba, mlango umeshafungwa. Nani atamtilia bibi arusi asumini kitandani, asumini iliyomea kwa maiti?

Mimi ndipo likanifika. Nilikuwa nimetunga kikuba cha arusi moja kubwa hapa mtaani, kikuba ambacho hata mimi nilipokimaliza nilikinusa nikatabasamu. Nikakituma. Hakikukaa hata dakika, kikarudi. Juu ya sinia, kimefunikwa leso, na msichana aliyekileta hakunitazama usoni. Wanaume wamekaa hapa, wanawake wako madirishani, wote wanaona sinia likirudi kwa Mejumaa. Kwetu kurudishiwa kikuba ni tusi, afadhali kofi. Nililia siku ile, wallahi nililia, na si kwa huzuni. Nililia kwa ghadhabu. Nikaapa kwamba Morris atayatapika maneno yale, na atayatapika mbele ya watu wale wale waliokuwa wamekaa hapa.

Menza yeye hakuapa kitu. Akaendelea kupangusa majani yake. Masika ile mamake akafariki. Nilikwenda Kaloleni kumzika, tukamlaza kando ya mumewe. Niliangaza macho nikimtafuta Morris katika watu, sikumuona. Nikamuuliza Menza, "Hukumpelekea habari?" Akasema, "Hapana, dada." Nilidhani ni msiba umemsahaulisha.

Baada ya masika, Bi Ummukulthum akaniita. Ile nyumba ya ghorofa mwisho wa kichochoro hiki, yenye mlango wa nakshi, ndiyo yake. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na ua wote alitaka ufufuliwe, miti mikubwa, asumini ipande ukutani, mlangilangi usimame katikati. Na ukitaka kujua uzito wa neno lake, elewa kwamba Bi Ummukulthum akikubali fundi, Kuze nzima imekubali. Akikataa, basi fundi huyo na akatafute mji mwingine. Nikamchukua Menza, tukaenda.

"Shikamoo, Bi," Menza akasema.

"Marahaba. Ingia, kaa." Tulipokaa akasema, "Mimi sipendi maneno ya watu, lakini mambo ya makaburi sichezei. Watu wasema udongo wako ni wa kaburini. Wewe wasema si wa kaburini. Nitamwamini nani? Niletee shahidi. Mtu asiyekuwa jamaa yako, aliyeona kwa macho yake unapochimba."

Menza akainamisha kichwa. "Bi, aliyechimba na mimi ni mmoja tu. Ni Morris."

"Basi mlete huyo Morris. Akisema udongo ni safi, ua huu ni wako, na milango mingine nitakugongea mimi mwenyewe. Asiposema, ua atapanda yeye, maana yeye naye ameshakuja kuomba. Na yeyote atakayepanda, sitaki udongo umwagwe hapo nje kichochoroni, watu waukanyage wakienda msikitini. Uje mpaka mlangoni kwangu."

Tulitoka pale. Mlete Morris! Ni sawa na kumwambia panya akamwombe paka ushahidi. Tulipofika hapa barazani Menza akasema, "Nitanunua kanta."

Nikadhani jua limempanda kichwani. Alikuwa na pikapu kuukuu, mkono wa nne au wa tano, injini nzima lakini kitanda kidogo. Alitaka kuiuza, aongezee akiba yake, achukue kanta kubwa kushinda lori la Morris. Kesho yake nikafuatana naye mpaka yadi ya magari, ng'ambo kidogo ya Makupa, kwa dalali anayeitwa Kenneth. Sikumwacha aende peke yake kwa sababu mwanamume mwenye hasira akiingia yadi, hununua rangi.

Na kweli, alikwenda moja kwa moja kwenye kanta ya buluu. Kenneth akafungua mlango wake kabla hatujajibu hata salamu. "Hii, bosi, inabeba mlima. Sikia mlio." Menza akapanda, akashika usukani, akabonyeza honi. Yadi nzima ikageuka. Akabonyeza tena. Sijapata kumuona Menza na uso ule.

"Nataka honi hii Morris aisikie," akasema.

"Honi itakupandia miche?"

"Dada, akinipita pale Makupa na lori lake hupiga honi makusudi, vumbi lote liangukie majani yangu. Watu wanapita mbali na miche yangu kana kwamba nauza maiti. Nina hasira. Nataka na yeye ale vumbi langu."

"Hasira unayo wewe," nikamwambia. "Mimi nina kiu. Hasira hupiga honi ikaisha. Kiu haiishi mpaka inywe. Shuka."

Hakushuka. Basi nikazunguka nyuma ya ile kanta, nikanyoosha mikono yangu yote miwili, nikasimama hivyo mbele ya Kenneth na mafundi wake wote, buibui imetanda kama bendera. Vidole vyangu havikufika ubavu wala ubavu. "Menza!" nikaita. "Hapa petu nikinyoosha mikono hivi nakaribia kugusa baraza la huku na baraza la huku. Gari hili litafikaje kwa Bi Ummukulthum? Tumwombe asogeze nyumba?"

Mafundi wakacheka. Menza akashuka taratibu, uso umemuiva. Lakini akili yake ilikuwa imerudi. Mimi vichochoro hivi navijua kwa sababu ya babangu. Mzee Athmani alikuwa hamali wa bandari ya kale, na nyumba zote unazoziona hapa ziliingia vitanda na makabati juu ya mkokoteni wake. Alikuwa akisema, mzigo hauulizi nguvu zako, unauliza njia. Baraza hili alilijenga kwa mikono yake, ili matajiri aliowabebea mizigo waje wakae naye, na wakaja.

Nyuma ya yadi, kwenye majani, palikuwa na tela. Tela ya magurudumu mawili, kutu imeila ubavu, zamani ilibeba tangi la maji. Kenneth hata hakutaka kutuonyesha. Menza ndiye aliyeiona, akainama, akalala chini kabisa, akagonga ekseli, akabana springi kwa mkono, akazungusha gurudumu akasikiliza. Lilizunguka kimya. Kitanda chake kilikuwa chini, mti mkubwa uliomo ndani ya pipa ungesimama bila kupinduka. Na upana nikaupima kwa mikono yangu. Vidole vilipita pande zote mbili.

"Hii utaifunga nyuma ya pikapu yako kutoka Makupa," nikamwambia. "Ukifika mdomo wa kichochoro unaifungua, unaisukuma kama mkokoteni. Utafika mlangoni."

"Na Morris?"

"Morris niachie mimi."

Menza akaitazama ile kanta mara ya mwisho. Iliniuma kumuona, nisikudanganye, maana ndoto ya mtu ni ndoto. Kisha akamwambia Kenneth tutachukua tela. Pale pale Makupa fundi wa kuchomelea akaitia mkono mpya wa kusukumia na ubao mpya wa nyuma unaofunguka chini, Menza akaipaka rangi ya kijani.

Sasa mimi. Jumapili jioni nikaenda ufukoni Mama Ngina, kwa muuza mihogo mmoja ambaye najua Morris hukaa kwake. Nikamkuta amekaa, lori ameliegesha pale kila mtu alione, anakula mihogo na pilipili. Sikumsalimia. Nikamgeukia muuza mihogo, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo Likoni, "Nipe mihogo miwili, mwanangu, nina furaha leo. Menza amekwenda yadi kwa Kenneth. Safari hii anashusha mzigo mlangoni kwa Bi Ummukulthum, mlangoni kabisa! Hamali hahitaji. Wenye malori yao na wayaoshe tu."

Nilisema uongo wapi? Hapana. Nilikwenda zangu. Kwa pembe ya jicho nilimuona Morris ameacha kutafuna. Namjua yule. Hawezi kuona mwenzake amefika mahali yeye hajafika. Siku zote alikuwa akimwaga mzigo huko barabarani, hamali wakauleta. Lakini Menza afike mlangoni na yeye asifike? Hilo lingemnyima usingizi, na mimi nilitaka limnyime. Nilidhani ataingilia upande wa msikiti, akwame baina ya kuta, achekwe na mtaa mzima, Bi Ummukulthum atoke dirishani aone. Hayo ndiyo niliyoyapanga.

Keshokutwa yake asubuhi nasikia lori linaunguruma. Huku! Limeingia huku kwetu, kinyumenyume, limejaa udongo na miti ya ua wa Bi Ummukulthum, ua ambao hata hajapewa. Wazee wanne wamekaa hapa. Mmoja akasimama akainua bakora, "Bwana we, sabalkheri! Gari haliingii hapa!"

Sasa kwetu, mwanangu, ukiingia kichochoro cha watu unasalimia barazani kwanza. Hata uwe na haraka ya hospitali. Ukisalimia, utaambiwa njia. Menza hajui kupita hapa bila salamu, na Morris alifundishwa na Menza huyo huyo. Lakini siku ile alitoa kichwa dirishani akasema, "Nyinyi kazi yenu ni kukaa tu. Ondokeni nipite." Akakanyaga mafuta.

Nikasikia mlio. Pembe yote ya baraza ikabomoka chini ya gurudumu, mawe na chokaa vikamwagika, na lori likaegemea ukuta wangu, haliendi mbele wala nyuma.

Lo! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa dirishani nimeshajitayarisha kucheka, na kicheko kikanikwama. Pembe ile ndipo babangu alipokuwa akikaa. Chokaa ile aliichoma mwenyewe. Nilishuka ngazi sijui nilizishukaje, kanga haijafungwa vizuri, nikaokota jiwe moja nikalishika kifuani. Nilichomtegea Morris kimemvunja babangu. Ikaniuma, na ule uchungu wote ukageuka, ukamrudia Morris. Nikasema moyoni, sasa hunitoki.

Watu wakajaa. Bi Ummukulthum akatoka mpaka kwenye kizingiti chake, akaona udongo umemwagika kichochoroni, kile alichokataza, akarudi ndani. Morris akashuka, jasho linamtiririka. Akaomba vijana wasukume. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee wa mtaa akamwambia, "Mwenye baraza aseme kwanza."

"Bi Mejumaa, nisamehe," Morris akaanza, anatia mkono mfukoni. "Niambie fundi atataka kiasi gani."

"Mfuko wako ufunge. Pesa yako kaipande, uone kama itamea. Baraza hili lilijengwa kwa mkono, na utalijenga kwa mkono. Wako. Si wa fundi."

Wazee wakatazamana, mmoja akasema, "Haki yake." Vijana wakasukuma, lori likatoka mpaka barabarani, na funguo zikakaa kwa mzee wa mtaa mpaka baraza litakaposimama.

Sasa ajenge na nini? Mawe, mchanga na chokaa vitafikaje hapa? Lori ndilo hilo limefungwa, na hata lingefunguliwa lisingeingia. Akaenda kwa hamali. Hamali wa Kuze wote walifundishwa kazi na babangu, au na waliofundishwa na babangu. Wakamtazama tu. Mmoja akamwambia, "Mzigo wa kumvunja Mzee Athmani uliubeba mwenyewe. Na huu ubebe." Akabaki na chombo kimoja tu Mombasa nzima kinachoweza kupita hapa na ambacho hakijamkataa bado.

Nilikuwako Makupa alipokuja. Nilikwenda makusudi, nikakaa juu ya ndoo katikati ya miche, sikutaka nihadithiwe. Morris akasimama mbele ya ile tela ya kijani kwa muda mrefu. Akaishika ubavu.

"Kumbe ni tela," akasema.

"Ni tela," Menza akajibu, anapangusa majani.

"Menza, naomba unibebee mchanga na chokaa."

Nilimkonyeza Menza amkatalie. Wallahi nilitaka Morris atambae. Lakini Menza akakunja kitambaa chake, akasema, "Nitakubebea. Sitaki malipo. Ijumaa baada ya sala watu wakiwa barazani, utawaambia samadi yangu inatoka wapi. Maneno yako mwenyewe. Bi Ummukulthum atakuwepo."

Morris akatazama chini. Lori limefungwa, kazi zimesimama, mji umemgeukia. "Sawa," akasema.

Basi kuanzia hapo ilikuwa mimi niko dirishani na kahawa yangu, Morris yuko chini anapanga mawe. Tela inaingia taratibu, inapita baina ya mabaraza bila kugusa, Menza anasalimia kila mtu, anashusha, anaondoka. Morris mikono ikamchubuka kwa chokaa. Sikumpa hata maji. Nilimtazama nikaona raha, usinitazame hivyo, niliona raha hasa.

Ijumaa ikafika. Baraza limesimama, imebaki pembe hiyo tu, chokaa bado mbichi. Wanaume wametoka msikitini wamejaa hapa, Bi Ummukulthum amewekewa kiti mlangoni kwangu, wanawake wako juu madirishani. Menza amesimama pale, mikono juu ya tela, na tela imepakiwa mlangilangi mkubwa ndani ya pipa.

Morris akasimama. Mwiko bado ameushika.

"Niliwaambia Menza anachimba penye kaburi," akasema. "Kaburi lipo. La babake. Liko chini ya mkanju, ng'ambo ya nyumba. Samadi tulichimba bomani, upande huu. Hatujatia jembe upande ule hata siku moja. Menza akipita pale huvua kofia. Nilisema vile kwa sababu nilitaka milango yenu."

Bi Ummukulthum akauliza, "Na tutajuaje kwamba hili nalo si uongo?"

"Nimechimba mimi, Bi. Nimekula pale mpaka mama mwenyewe akaniita mwanawe. Kama hamniamini, twendeni hata kesho mkamuulize. Atatusongea sima."

"Hatasonga," Menza akasema.

Hakuinua sauti. Alikuwa anautazama mlangilangi wake.

"Mama tulimzika masika. Yuko pale kwa baba. Alikuwa akikuulizia, Morris. Mpaka siku ya mwisho akisema, mwanangu Morris mbona haji tena, au mmegombana? Nikamwambia una kazi nyingi. Sikumwambia ulichosema."

Hapo ndipo nikajua kwamba hakusahau kumpelekea habari. Mimi najiita mwenye kisasi, mwanangu. Nilipanga, nikasema kwa mafumbo, nikavunjisha baraza la babangu. Menza alikaa na sentensi moja tangu masika.

Morris akapiga magoti akageukia pembe ile iliyobaki. Mwiko aliuacha chini. Aliipaka chokaa kwa kiganja, anapapasa tu, watu wote wanamtazama mgongo, mpaka akamaliza. Ndiyo hiyo uliyoikalia. Bi Ummukulthum akainuka, akamwambia Menza, "Ingiza mti wako." Tela ikapita, ikafika mlangoni, ikaingia.

Leo Menza hana nafasi ya kukohoa kwa kazi, na vikuba vyangu havirudi tena juu ya sinia. Morris naye, Menza alimsamehe, mimi hilo sijui aliliweza vipi. Ameshampeleka Kaloleni akaona makaburi yote mawili. Yeye ni Menza, na mimi ni Mejumaa.

Juzi juzi Morris alikuja hapa na mwiko mpya na chokaa kidogo ndani ya kopo. Akanisalimia kwa adabu, akasalimia wazee wote, akasema, "Bi Mejumaa, niruhusu nilainishe ile pembe. Inawachania watu nguo."

"Chukua kopo lako, Morris," nikamwambia. "Pembe haiguswi. Kaa."

Akakaa papo hapo panapokwaruza, na nikaendelea kutunga asumini yangu.